Mahali Mto Unapolala

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mchanga wa mtoni ulikuwa mweupe na mkavu, na mimi nilikuwa nimevaa suruali yangu ya shule niliyoipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri, kwa sababu mgeni wa serikali alikuwa anakuja. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimebadilisha neno moja la mzee mmoja. Lilikuwa neno dogo, hata wewe ungelisikia usingeona kasoro yake. Limenikaa kifuani tangu siku zile za kuhamia vijijini mpaka leo ninapokuandikia.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia habari. Nimeambiwa wewe na wenzako mmerudi kutoka Arusha mkiwa na ramani, na mnataka kujenga vyumba vya wageni kule chini kwenye mchanga, ng'ambo ya mfereji, maana watalii wanapenda kulala karibu na maji. Nimeambiwa pia kwamba mnasema mzee huyu siku hizi anaogopa vivuli. Kuogopa naogopa, sikatai. Masika bado, lakini kila nikiamka natazama kwanza mawingu ya mlima Oldeani ndipo nitazame mbuzi zangu. Nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Wakati huo kitongoji chetu kiliitwa Mtoni tu. Unateremka kutoka Kansay kwa miguu, magoti yanatetemeka, mpaka unafika chini kwenye joto, na hapo palikuwa na kaya kumi na tisa zilizotawanyika juu ya miinuko ya mawe pande zote mbili za mto. Mtu akitaka maji anashuka. Akitaka kulala anapanda. Akina mama walilalamika kila siku kuhusu ule mpando, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na mimi niliwaonea huruma, nikashangaa kwa nini wazee hawakujenga kwenye uwanda ule wa mchanga ulio sawa kama meza. Mbuzi walilala pale mchana. Watoto walicheza pale. Lakini hata kigingi cha kumfunga mbuzi hakikupigwa pale, na mimi sikuwahi kuuliza sababu.

Sikuuliza kwa kuwa nilijiona nimesoma. Nilikuwa wa kwanza Mtoni kufika kidato cha nne, na watu walinipa jina la Fomfoo, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Nilirudi nyumbani na cheti changu ndani ya bahasha, nikakaa mwaka mzima nikilima mtama na baba na kuchunga zamu ya maji kwenye mfereji. Rika langu walikuwa wamepanda zamani kwenda kwenye mashamba ya kahawa, wengine wamekwenda mbali zaidi. Mimi nilitazama ule mto, mtama ule, mbuzi wale, nikasema moyoni hapa hakuna maisha. Nilitaka kazi ya ofisini, kiti, meza na mhuri. Nakueleza haya ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani nilipofungua mdomo siku ile.

Basi serikali ilikuwa inawakusanya watu wakae pamoja, wapate shule na zahanati. Akaja bwana mpimaji na mnyororo wake na mzigo wa vigingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Kiswahili kizuri, na alipoona mtu anayeweza kuandika aliniita pembeni akaniambia, "Kijana, vijana kama wewe wanahitajika wilayani. Kazi hii ikienda vizuri, nitalipeleka jina lako." Mwanangu, tangu hapo nilikuwa namtazama yeye usoni kila nilipotaka kusema jambo.

Mpimaji aliupenda uwanda wa mchanga mara moja. Mistari ingenyooka, maji yako karibu, hakuna kuvunja mawe. Lakini mwenyekiti wetu wa kijiji akasema kwa adabu, "Tumsikilize kwanza Mzee Tarmo."

Mzee Tarmo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote Mtoni. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha chumvi na mbuzi. Mambo mazito aliyasema kwa Kiiraqw, taratibu, akisimama kati ya sentensi mpaka unadhani amemaliza. Alitembea hadi katikati ya ule uwanda, akagonga mchanga kwa fimbo yake mara mbili, akasema maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Hapa ndipo mto unapolala."

Kwetu, kila mtu wa nyumba ana mahali pake pa kulala. Mjomba anaweza kukaa safarini miaka kumi, mahali pake hapajengwi kichanja wala hapawekwi magunia. Akirudi bila taarifa, anajua pa kunyoosha miguu. Hivyo ndivyo Mzee Tarmo alivyomaanisha. Mto huu mwembamba mnaouona una mahali pake papana, hauji kila mwaka, lakini ni pake. Aliendelea kueleza. Alisema babu yake aliwahi kuuona umekuja, na yeye mwenyewe aliuona mara moja akiwa bado anabebwa mgongoni kwa mama yake, yaani alisimuliwa. Watu wakacheka kidogo, na yeye pia akacheka.

Kisha mpimaji akanigeukia. "Anasemaje mzee?"

Nilielewa kila neno. Lakini niliona aibu. Niliona nikimweleza msomi huyu habari za mto wenye kitanda, atatuona washamba, na mimi pamoja nao, na jina langu litabaki Mtoni. Nikasema, "Mzee anasema mto umelala."

"Umelala? Yaani ulikuwa unapita hapa zamani, sasa umekufa?"

Hapo ndipo njia ilipogawanyika, mwanangu. Lile neno la kwanza naweza kulitafutia udhuru, nikasema ulimi uliteleza. La pili halina udhuru. Nilijibu, "Ndiyo, bwana. Umekufa."

Mzee Tarmo aliona mpimaji anaandika, akaridhika. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Amesikia?"

"Amesikia, mzee."

Mchana ule ule vigingi vikaanza kupigwa, na mimi ndiye niliyeshika nyundo.

Tulijenga haraka, nyumba za fito na udongo kwa mistari mitatu, na darasa moja lenye bati mwishoni. Mimi nikawa katibu wa kijiji wakati nikisubiri jina langu liitwe wilayani. Katibu ndiye aliyegawa viwanja. Mke wa Mzee Tarmo, Bibi Nade, alikuwa na nyonga mbovu, alitembea kwa kuegemea. Nikawapa kiwanja cha mstari wa chini kabisa, ili asihangaike kufuata maji. Watu wakanisifu kwa huruma yangu. Nami nilijisifu.

Mwaka wa kwanza mvua zilikuwa chache. Hata hivyo ndipo hofu ilipoanza. Siku moja nilikuwa nakata kona ya shimo la choo nyuma ya darasa, nikakuta chini, kimo cha mtu, mawe ya mviringo laini yamepangana, na kati yake shina la mti mzima, jeusi, lililolala upande. Mti kama ule hauoti kwetu chini. Unaota huko juu kwenye baridi. Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo nikiutazama muda mrefu. Mtu aliyesoma hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyeuleta. Nikaufukia, nikachimba choo mahali pengine, nikamwambia mwenyekiti pale chini pana mwamba.

Tangu hapo sikula vizuri. Kila wingu lilinikatiza maneno. Watoto wakiimba darasani nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mwinuko. Nilikuwa na njia mbili tu: kusema, au kuomba mvua isinyeshe juu. Na mkulima anayeomba mvua isinyeshe, mwanangu, huyo ameshaharibika.

Nilijaribu kusema. Karibu na masika ya pili nilikwenda nyumbani kwa Mzee Tarmo nikiwa nimekata shauri. Bibi Nade alikuwa ameketi mlangoni anasafisha kibuyu cha maziwa kwa moshi wa kijinga cha moto. Aliponiona akapaza sauti ili majirani wasikie. "Haya, mume wangu karani amekuja! Leo umekuja kunioa au bado unangoja mshahara?"

"Bado nangoja, Bibi."

"Utangoja mpaka meno haya mawili yatoke. Kaa. Mbona umekonda? Wenzako wanakonda kwa mapenzi, wewe unakonda kwa nini?"

Akanipa maziwa ya mgando. Mzee Tarmo akatoka, tukazungumza habari za mbuzi jike aliyezaa pacha, na habari za mfereji unaovuja kule juu.  Kisha nikasema, "Mzee, kuhusu mvua..." Akanitazama. Nikasema, "Naona zitakuwa nzuri mwaka huu." Akajibu, "Nzuri kwa nani?" Basi. Nikamaliza maziwa, nikaaga. Bibi akanifuata kwa maneno, "Usikawie kuja, nyonga hii haitangoja!" na majirani wakacheka. Nilipanda mpaka kwetu, mstari wa juu, nikijiambia nitasema Jumapili baada ya ibada. Jumapili ikapita. Nikajiambia nitasema mpimaji akirudi.

Ilikuwa siku ya kazi ya masika hayo hayo, mchana mweupe. Mtoni hapakuwa na wingu hata moja, na ndiyo maana watu wa huku chini hufa, kwa sababu jua linawaka juu yao wakati mvua inapiga kwa wenzao wa juu. Nilikuwa kwenye mwinuko natengeneza mdomo wa mfereji. Kule Oldeani na ukingo wote wa Ngorongoro kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Nikaona maji ya mfereji yamekuwa ya rangi ya udongo. Kisha yakapungua ghafla, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha nikasikia. Usidhani ni sauti ya maji. Ni sauti ya mawe yanayogongana chini ya maji, na unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio.

Nilikimbia. Katika kukimbia kule nililazimika kuchagua, na hilo sijalijutia, lakini naliota mpaka leo. Darasa lilikuwa kushoto, watoto thelathini na kitu. Nyumba ya Mzee Tarmo ilikuwa kulia, chini. Nikakata kushoto. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, mwalimu akatoa watoto kupitia mlango na dirisha, tukawasukuma mpaka kwenye mawe, wengine wakilia kwa kuacha madaftari. Watu waliokuwa mashambani walipandia ng'ambo. Mzee Tarmo alikuwa kwenye mtama, akawa ng'ambo ile.

Niligeuka kwenda kulia. Nilifika nusu ya njia. Mto ulikuwa umekwisha kufika kwenye mstari wa chini, mwekundu, umebeba miti na mzoga wa ng'ombe, na ulikuwa unapita katikati ya uwanda ule kwa upana ule ule aliousema mzee akigonga fimbo yake, haukuzidi, haukupungua. Bibi Nade alikuwa ametoka mpaka mlangoni. Alikuwa ameshika nguzo. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama miguu yake, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Nyumba ilikaa kidogo, kisha ikaenda.

Tulimpata siku ya pili, mbali, karibu na ziwa mto unapoishia. Alizikwa juu kwenye mwinuko, mahali nyumba yao ya zamani ilipokuwa. Nyumba zote za mistari mitatu ziliondoka. Kaya nyingi zilipanda kwenda kwa ndugu zao Kansay na Qurus, na baadhi hazikurudi tena. Darasa lilibaki bati moja limekwama juu ya mti. Watu walinishukuru. Unasikia, mwanangu? Walinishika mikono wakinishukuru kwa ajili ya watoto wao. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyonichoma kama zile shukrani.

Siku ya nne baada ya mazishi nikamwendea Mzee Tarmo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anaelekea mtoni. Maji yalikuwa yamekwisha kupungua, mto umerudia wembamba wake, unang'aa kwa jua kama hauna habari. Sikukaa. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mzee, ile siku ya mpimaji sikumwambia ulichosema."

Akauliza, "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mto umelala. Akauliza kama umekufa. Nikasema ndiyo."

Alirudia polepole, kwa Kiswahili chake cha mnadani, kama anayeonja kitu. "Umelala." Akatikisa kichwa. Nilitamani anipige kwa ile fimbo. Ningeshukuru. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida tu, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema, sitabadilisha hata moja.

"Mimi nilikuuliza kama amesikia, ukasema amesikia. Nikaona vigingi vinapigwa. Nikafikiri, basi, wamenisikia, wakaona neno langu si kitu. Mtu mzima akisikiwa na kukataliwa, ananyamaza. Nikanyamaza miaka miwili. Nikamleta mke wangu akalala pale kwa sababu nilijiambia wasomi wana lao wanalolijua. Ningejua hawakunisikia, ningesema tena. Ningesema kila asubuhi. Ningesema mpaka mnichoke."

 

Akainuka, akanipa fimbo niibebe, akasema, "Twende." Tukatembea ukingoni, kutoka jiwe hadi jiwe, mahali ambapo takataka za maji zilikuwa zimekwama, na kila tulipofika alinifanya niweke jiwe jeupe juu ya jiwe jeusi. Ilituchukua mpaka jua linaelekea kutua. Tulipomaliza akasema, "Sasa mdomo wangu ni wewe. Kila mwaka kabla ya masika utapita kila nyumba na kusema. Kiiraqw kwa Wairaqw, Kimasai kwa watu wa Kakesio wakishuka na ng'ombe, Kiswahili kwa wageni. Utasema vile vile nilivyosema."

"Mpaka lini, mzee?"

"Si ulitaka kazi? Hiyo ndiyo kazi."

Baadaye jina langu liliitwa wilayani kweli. Mpimaji yule, maskini, alitimiza ahadi yake. Sikwenda. Nilimwandikia barua nikamweleza yote, naye hakujibu, na simlaumu. Nilibaki Mtoni. Watu wakarudi kidogo kidogo, tukajenga juu kwenye mawe, tukarefusha mfereji ili maji yapande badala ya akina mama kushuka. Kumbe jambo hilo lingewezekana tangu mwanzo kama tungekaa chini na kuuliza. Vitunguu vikaja, shule ikarudi juu ya mwinuko, na wewe umesoma humo. Nilikosea niliposema hapa hakuna maisha. Maisha yalikuwapo, tulichohitaji ni kujua pa kulala sisi na pa kulala mto.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili usihitaji mkalimani. Ukitumwa kubeba neno la mtu mwingine, lifikishe kama lilivyo, hata kama linakuaibisha, hata kama hulielewi, hata kama anayesikiliza ana mhuri mfukoni. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili. Hofu uliyoificha haipungui, inachimba. Na ukiona mzee amenyamaza, usidhani amekubali. Mwulize kama alisikiwa.

Kuhusu vyumba vyenu, jengeni. Sikatazi riziki. Ile saiti yenu ihamisheni tu, ipande juu ya mstari wa mawe meupe. Wageni watatembea kidogo kufuata maji, na huko ndiko kuona nchi. Najua bado mnaweza kupiga vigingi kule chini, ramani ni yenu na mimi siwezi tena kuteremka haraka. Mawe mengi meupe yamefunikwa na majani. Nimeanza kuyasafisha mwenyewe, matatu kwa siku, kadiri magoti yanavyoruhusu. Nikisikia mmekuja kunisaidia, nitalala.

Jina lako nimelitaja kwa Mungu asubuhi hii kabla sijashika kalamu. Akupe nyumba isiyotikisika, akupe mke mcheshi wa kukutania mlangoni, akupe watoto wanaotoka darasani kwa mlango wala si kwa dirisha. Akupe mahali pako pa kulala, mwanangu, na mto auache ulale pake.